Katoni Mbili za Babu

Mpango wa kumpeleka babu kwenye mpira ulikuwa wangu, na mpaka leo unaniudhi. Vita vilimfungia mtaani kwetu Ngagara miezi mingi. Nilifikiria kila kitu: njia isiyo na vijana wa kizuizi cha barabarani, ngazi iliyo karibu na lango kama risasi zikianza, saa ya kurudi kabla ya kuvrefe, ile amri ya kutotoka nje usiku.

Siku yenyewe nilimkuta amevaa koti, katoni mbili za kukalia zimekunjwa kwapani. Ya pili ilikuwa ya rafiki yake wa mtaa wa Kamenge, fundi cherehani. Miaka yote walitazama mpira wamekaa pamoja. Fundi huyo alikuwa ameuawa tangu mvua za kwanza.

Kwetu habari ya kifo haitupwi tu mbele ya mzee. Anatumwa mtu mzima alfajiri, anamkalisha, anamwambia. Mimi nilidhani baba alishamwambia. Baba alidhani shangazi. Wajinga sisi wote! Na kumwambia pale mlangoni, koti mwilini, sikuthubutu.

Uwanjani alitandika katoni zote mbili, akamfukuza kila aliyetaka kukaa. Wakati wa mapumziko akanigusa goti.

"Enda ku mulango, umuangalie. Macho yake iko mubaya, asitupite."

Nilikwenda. Nilisimama langoni nikiitazama njia ya Kamenge mpaka kipindi cha pili kilipoanza, kisha nikarudi nikamwambia anakuja.

Babu akaipangusa vumbi ile katoni ya pili.