Mkaja Mrefu Kuliko Wangu

Shule niliiachia darasa la nne, kwa hiyo nikipinda njia mnivumilie. Mke wa mwanangu ni Mchina. Ugali anausonga kunishinda. Kwenye sikukuu ya katikati ya kiangazi huku Uswidi, anarukaruka kama chura na Waswidi kuzunguka nguzo ya majani. Shikamoo hakosi kunipa. Mimi nikawa najiuliza: mtu anayepokea vya watu wote hivi, chake amekificha wapi?

Alipojifungua nilingoja siku tatu, kisha nikatoka kwangu Skärholmen mpaka kwao Upplands Väsby kumkanda. Nilibeba mkaja wa kumfunga tumbo, uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai, na ndoo. Kwenye treni za huku hakuna anayekuuliza ndoo ya nini, wanaiangalia tu, lakini hayo tuyaache.

Mlango ulifunguliwa na mama yake, aliyetoka Uchina kumwuguza. Kiswahili hana, Kiswidi hana. Madirisha yote yamefungwa na jua linawaka. Jikoni sufuria inanuka siki na tangawizi. Nikafunua: miguu ya nguruwe. Kwetu hatumgusi.

"Nimekuja kukukanda, mwanangu," nikamwambia mkwe.

"Mama, kwetu mzazi haogi mpaka mwezi uishe."

"Hata kwa maji ya moto?"

"Hata hayo."

"Na mjukuu wangu?"

"Amelala, mama."

Mwanangu, mumewe, nilipomtazama akakimbilia Kiswidi, ndiyo mbio zake hizo akibanwa. Nikasema moyoni, mikono yangu wanaiona michafu. Mtoto huyu sitamshika.

Nikaanza kufungasha. Mkaja ukaanguka. Yule mama akauokota, akaunyoosha, akaupima kwa mkono, akaingia chumbani. Akatoka na wake, mweupe, umekunjwa vizuri. Kumbe nao hufunga tumbo.

Mkwe akacheka. "Mama anasema wako mfupi."

"Mwambie wake mwembamba."

Tukamfunga yote miwili juu ya nguo, mimi navuta huku, mwenzangu kule, bila tone la maji. Kisha yule mama akamleta mtoto mwenyewe, akaniwekea mapajani. Hakubanduka. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyangu.

Sikumlaumu. Hata mimi, bakuli la mchuzi alilonitengea, aliloapa kwa ishara kwamba ni kuku, nililinusa mara mbili, nikalirudisha mezani.