Mkanda wa Tumbo la Farasi

Maua ya kahawa yalipochanua Mbozi, harufu yake iliingia mpaka zizini, ikachanganyika na jasho la farasi na mafuta ya kulainishia ngozi. Baba alikuwa mtunza farasi kwenye shamba la mzungu karibu na Hasamba. Msimu ule alianguka akavunjika mkono wa kulia, nami, binti yake wa miaka kumi na mmoja, nikawa mkono wake. Alinifundisha kuweka tandiko mbele kidogo, kisha kulirudisha nyuma taratibu ili manyoya yalale, na kufunga mkanda wa tumbo upana wa kiganja nyuma ya miguu ya mbele. "Farasi ni mjanja," aliniambia. "Ukimfunga hujaza tumbo pumzi. Mtembeze hatua chache, kisha kaza tena. Usipokaza, tandiko litazunguka na mtu ataanguka."

Asubuhi moja mama, aliyekuwa na mimba ya miezi minane, alianza kutokwa damu. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, ng'ambo ya mto. Mke wa mzungu akaturuhusu kumchukua farasi jike aliyekuwa mpole kuliko wote. Nilitandika huku nikimsikia mama akiguna mlangoni, na nikakaza mkanda mara moja tu. Baba na shangazi wakampandisha mama, tukaondoka, baba akiwa na hatamu mbele, shangazi akimshikilia mama upande mmoja, mimi upande wa pili. "Vumilia, wifi," shangazi alirudia njia nzima.

Tulipoanza kuteremka mtoni ndipo nilipokumbuka. Nilipenyeza vidole chini ya mkanda. Kiganja kizima kikaingia. Tandiko lilikuwa limeanza kuelemea upande wa shangazi. Nikisema, baba atajua nimemhatarisha mama. Nikinyamaza, huenda tukafika. Wahenga walisema mficha uchi hazai, lakini mtoto aliyekosa huona afadhali afiche. Nilinyamaza mpaka mama aliponong'ona, "Nateleza."

"Baba, simama! Sikukaza mara ya pili!"

Kabla hajageuka, tandiko lilizunguka. Shangazi alimdaka mama kifuani, wakaanguka pamoja majanini. Baba hakunigombeza. "Kaza sasa, mwanangu," alisema. "Mtembeze. Kaza tena."

Tulifika alasiri. Mtoto wa kiume alizaliwa jioni ile, akaishi siku mbili. Mkunga alisema alikuwa amedhoofika tangu kabla hatujatoka nyumbani, nami nilitamani sana kumwamini. Mama alipona.

Siku hizi mto ule una daraja, na wanawake wa kijijini kwetu hujifungulia zahanati ya jirani; wakizidiwa, gari huwafikisha hospitali kabla jua halijapanda. Nafurahi kwa ajili yao. Mama aliishi mpaka akawabeba wajukuu zangu, na hata siku moja hakulitaja tandiko. Mara nyingi nilitaka kumuuliza kama alinisamehe, au kama hakuona cha kusamehe. Sikumuuliza, na sasa hakuna gari la kunifikisha kwake.