Nilikuwa saa ya mume wangu Nachingwea, Mandawa wakaniita mchawi

Salaam wakuu. Mjukuu wangu kaniambia humu hata mtoto wa juzi anaitwa mkuu, basi nami nawaita hivyo hivyo. Yeye anabonyeza simu, maneno ni yangu mimi bibi yenu wa Ruangwa. Na ni ya kweli. Umri huu nimdanganye nani ili nipate nini?

Jana kanisomea uzi wenu, watu wa mjini mnalia hamlali. Kelele za baa, joto, mawazo ya kazi, sijui stress. Mmoja kasema ni ugonjwa wa kizazi hiki.

Kizazi hiki wapi! Sisi tulikosa usingizi Nachingwea kabla mama zenu hawajazaliwa.

Ilikuwa miaka ya hamsini mwanzoni. Mume wangu Hamisi alipata kazi kwenye kambi ya Wazungu waliokuja kulima karanga, kupaka grisi matrekta. Mimi binti wa Mandawa, nimetoka unyagoni si zamani, nikamfuata. Nachingwea ilikuwa imegeuka mji ghafla, mashine, maduka, watu wa kila kabila.

Tukapewa chumba kwenye laini. Yaani vyumba vimeshikana mstari mmoja, bati juu, ukuta mwembamba. Jirani akikohoa unamwambia pole ukiwa kitandani kwako. Jenereta inanguruma usiku kucha, taa za karakana zinamulika mpaka ndani.

Hayo yote ningeyazoea. Kilichoniondolea usingizi ni zamu.

Hamisi aliingia kazini alfajiri, giza bado. Ukichelewa, mnyapara anakufuta, mnarudi kwenu na kikapu chenu. Saa ya kengele hatuna. Na yule bwana akilala, jamani, ungeweza kumbeba ukamweka barabarani asijue!

Kwa hiyo saa nikawa mimi. Nakesha nasikiliza lori la zamu, likinguruma kwa mbali ndipo namwamsha. Wanawake wa laini nzima tulikuwa hivyo. Asubuhi bombani ni miayo mitupu, tunachekana macho mekundu. Mama mmoja Mmakua alisinzia amesimama mpaka ndoo ikafurika ikamlowesha miguu. Tulicheka siku nzima.

Hamisi hakuchelewa hata mara moja. Mnyapara akamsifu mbele ya wenzake, akaja nyumbani kifua mbele: "Kwa kuamka, hapa kambini hakuna kama mimi." Nikamwachia furaha yake.

Kisha karanga zikagoma, kambi ikafungwa, tukarudi Mandawa kwa wakwe.

Wakuu, mwili wangu haukurudi. Zikifika saa za lile lori, macho kodo. Kile kimya cha kijijini ndiyo kikazidisha, nikawa nasikiliza kitu ambacho hakipo. Nikichoka kugaragara natoka uani, nakaa. Mara nyingine nashika ufagio nifagie.

Hapo ndipo nilipojimaliza. Kwetu mwanamke anayefagia uani usiku haulizwi ana shida gani. Watu wanakuwa wameshajua.

Masika yale mtoto wa wifi yangu akashikwa na homa, akafariki. Nilimpenda mtoto yule, nimembeba sana mgongoni. Matanga hayajaisha, wifi akasimama mchana kweupe katikati ya watu, akaninyooshea kidole.

"Huyu halali! Muulizeni usiku anafanya nini uani!"

Nikaeleza. Zamu, lori, jenereta. Nani pale aliyewahi kuishi kwenye laini? Mama mkwe akasema, "Mwanangu, sisi sote tunalala. Wewe una nini?"

Sikuogopa sana, maana shahidi wangu alikuwa amekaa pale pale mkekani. Baba mkwe akamgeukia: "Hamisi, kule Nachingwea mkeo alikuwa analala?"

Alitakiwa kusema neno moja tu. Kwamba mke wangu alikesha ili nisifukuzwe kazi. Basi, ningepona.

Hamisi akaangalia miguu yake. "Baba, kusema kweli, mimi sijawahi kumwona amelala."

Wakuu, hakuongopa! Angenionaje nimelala, na kila alipofumbua macho ananikuta nimemwinamia namtikisa bega?

Waliniitia mganga, wakaninyoa nywele zote, wakanipaka dawa mbele ya watu niliokuwa nawatekea maji. Hamisi akaandika talaka. Kaka yangu wa Nanganga akaja na baiskeli kunichukua, hakuniuliza kitu, Mungu amrehemu.

Baadaye nilisikia Hamisi kapata kazi Lindi, hakumaliza hata mwezi. Alikuwa anachelewa. Sikucheka.

Uongo, nilicheka mpaka nikalia.

Niliolewa tena, nikazaa, namshukuru Mungu. Lakini roho bado inauma, sifichi. Nikimkumbuka wifi namsamehe, alikuwa na msiba. Hamisi simsamehe.

Funzo langu ndilo hili. Mtu wa nyumbani kwako akikosa usingizi, muulize mwenyewe, tena mkiwa wawili, kabla watu hawajakuuliza wewe. Huenda anakesha kwa ajili yako. Nyie siku hizi mkisema hamlali mnapewa pole na vidonge. Mimi nilipewa wembe.

Haya, njooni mtie neno, matusi sitaki. Ila wanaume mnaolala fofofo, kabla hamjakomenti mtuambie kwanza: alfajiri huwa mnaamshwa na nani?