Palizi ya Mwalimu

Wazazi wetu walipofariki niliacha shule nikiwa darasa la nne, ili mdogo wangu asome. Likizo moja alirudi kijijini kwetu Natta na maswali ya fizikia na kalkulasi yaliyomshinda, na mtihani ulikuwa karibu. Mwalimu jirani yetu akaahidi kumsaidia. Wiki nzima mdogo wangu alirudi jioni na matope magotini. Alikuwa akipalilia ulezi wa mwalimu, na hakufundishwa hata swali moja.

Asubuhi iliyofuata niliongozana naye mpaka kwa mwalimu.

“Shikamoo, mwalimu. Leo napalilia mimi. Yeye akae nawe mezani.”

Alicheka. “Binti, wewe fizikia unaijua?”

“Siijui. Palizi naijua.”

Wakaketi nje ya nyumba, nami nikaanzia shambani pale karibu. Nilipomsikia mwalimu akieleza, nilipalilia. Alipoanza kusinzia, niliegemea jembe.

“Mbona umeacha?” alifoka.

“Mbona wewe umeacha?”

Mdogo wangu aliinamisha kichwa. Mwalimu akashika penseli tena. Nami nikainama, nikaendelea kung'oa magugu yake kwa hasira ambayo mpaka leo haijaniisha.