Miezi Miwili ya Mfalme

Leo nimepita duka moja hapa Tooting, ughaibuni, nikasikia harufu ya kafuri, nikasimama.

Nimekumbuka siku moja ya utotoni, mwalimu alipokuwa ametupeleka makumbusho kuona maiti za wafalme wa Misri ya kale. Niliporudi nyumbani nilimkuta mama jikoni peke yake, hajavua koti la kazini, amejitanda kanga ya bibi aliyokuwa akiihifadhi sandukuni kwa kafuri. Nilianza kumhadithia kwa Kiingereza changu: mfalme akifa walimkausha kwa magadi, wakampaka mafuta ya uturi, wakamzongazonga kitani kidole kwa kidole.

"Kwa zaidi ya miezi miwili, mama. Ndipo wakamzika."

"Miezi miwili?" Mama alinitazama. "Bibi yako kafariki Pemba leo alfajiri. Adhuhuri wameshamzika. Mimi wamenipigia sasa hivi."

Bibi nilikuwa nikimjua kwa sauti ya simu tu. Nilisimama pale na begi langu mgongoni.

"Na huyo mfalme," mama aliuliza polepole, "watoto wake waliokuwa mbali, waliwahi kufika?"

Mwalimu hakutuambia hilo.

"Waliwahi, mama," nikamjibu kwa Kiswahili. "Wote."