Swichi Tatu Katika Kisanduku Kisicho na Kina

Siku yangu ya kwanza kazini sikushika waya. Nilishika visanduku. Kontrakta aliyeniajiri alikuwa na stoo kando ya Barabara ya Pugu, na asubuhi ile karani wa stoo alinisimamisha katikati ya malori mawili akaniambia nipakie. Lori moja lilikuwa linakwenda Oysterbay, kwenye nyumba za maofisa wa Kizungu. La pili lilikuwa la Temeke. Visanduku vya chuma vya kufungia swichi vilikuwa vya aina mbili. Kimoja kilikuwa na kina, cha kuchimbiwa ukutani hadi swichi ilale sawa na plasta. Kingine kilikuwa chembamba kama sahani ya bati, cha kubandikwa juu ya ukuta kwa skrubu. Nikabeba vile vya kina nikaviweka kwenye lori la Temeke.

"We kijana!" karani akafoka. "Hivyo vya Wazungu! Temeke wanapelekewa vya kubandika."

"Kwani umeme wa Temeke ni mwembamba?"

Nilikuwa nimefika juzi tu kutoka Songea, sijajifunza kunyamaza. Karani aliniangalia kwa huruma. "Wewe," akasema, "mwezi hutaumaliza hapa."

Niliumaliza, na mingine mingi. Lakini swali lile halikuwahi kujibiwa, na msidhani nimelisahau kwa sababu ya uzee.

Nilipangiwa kwa Fundi Salumu, mwenyeji wa Temeke, mtu mrefu mwenye sauti ya chini. Tulianzia Kinondoni, kwenye nyumba za makarani, chini ya Fundi Mkuu ambaye hakuwa na maneno mengi mradi kazi inakwenda. Huko ndiko Salumu alikonifundisha kufunga swichi.

Ninyi mnaoanza kazi leo mna nyaya laini na visanduku vya kila namna, kwa hiyo nieleze. Swichi kazi yake ni kukata na kuunga waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme. Zikiwa swichi tatu pamoja, waya wa moto unaingia kwenye ya kwanza, kipande kifupi kinauvusha hadi ya pili, kingine hadi ya tatu. Kisha kila swichi inatoa waya wake wa kwenda kwenye taa yake. Nyaya zote hizo zinakaa nyuma ya swichi, ndani ya kisanduku kimoja. Na nyaya za wakati ule zilikuwa nene, zimevikwa mpira na juu yake kitambaa cha pamba. Joto la Dar es Salaam liliukausha ule mpira hadi ukapasuka kama kisigino.

Salumu alikata kila waya kwa urefu wa kutosha tu kuivuta swichi nje na kuishika kiganjani. Alizilaza nyaya kwenye pembe za kisanduku, kamwe si mgongoni mwa swichi. Akishafunga, alifungua tena, akaangalia. "Waya ukibanwa unakuonyesha alama," aliniambia. "Ukiiona alama, usijidanganye, anza upya." Katika kisanduku chembamba swichi moja inakaa vizuri. Mbili zinakaa kwa subira. "Tatu," alisema, "huo si ufundi tena. Ni kushindilia."

Kutoka Kinondoni tukahamishiwa Temeke, kwenye jengo jipya la wazazi. Huko mkubwa wetu alikuwa Bwana Msimamizi, Mzungu aliyekuja na gari lake kila asubuhi na kutuamrisha kwa Kiswahili cha kufokea wapishi. Chumba cha kuzalishia kilitakiwa kiwe na taa ya katikati, taa ya juu ya kitanda, na feni. Swichi zote tatu ziwe karibu na mlango. Na visanduku tulivyoletewa mnavijua.

Salumu alimsubiri Bwana Msimamizi mlangoni, kofia mkononi. Mle ndani Bi Mwanaidi, mkunga wa kituo, alikuwa anapanga vitanda.

"Bwana, swichi tatu hapa haziingii salama. Naomba kisanduku cha kina. Au niruhusu nizigawe, mbili hapa, moja ukuta wa pili."

"Hapana. Mkaguzi anakuja kesho. Tia hapa."

"Nyaya zitabanwa, Bwana. Na hili bomba la chuma la kupitishia nyaya linaishia chini ya dari, halifiki kwenye ardhi. Walau tuvute waya wa ardhini, ili umeme ukivuja usikae kwenye kisanduku."

"Maneno mengi! Sukuma. Skrubu itavuta yote ndani. Wewe fundi au mwanamke?"

Bi Mwanaidi aliacha shuka aliyokuwa anaitandika, akamtazama Mzungu yule. Salumu alisukuma. Niliuona mshipa wa shingo yake ulivyotoka wakati anakaza skrubu, na haikuwa kwa uzito wa kazi. Siku iliyofuata Mkaguzi aliwasha, akazima, akaitikia kwa kichwa, akaondoka. Hakufungua hata kifuniko kimoja. Alikuja kukagua, jamani, na hakufungua!

Masika yakaingia, kuta zikaanza kutoka jasho. Asubuhi moja ya giza la mvua, mama mmoja alikuwa kitandani, uchungu umemkolea. Bi Mwanaidi alirudi kutoka kunawa, mikono bado imelowa, akanyoosha kidole kuwasha taa ya kitandani. Waya uliokuwa umebanwa ulishapasuka na kukigusa kisanduku. Umeme ukamrusha hadi kwenye kitanda cha chuma, akavunjika mkono. Aliinuka. Kwa mkono mmoja, huku shangazi wa mzazi akimsaidia kupokea, alimzalisha yule mama mtoto wa kike mzima. Ndipo alipokaa sakafuni akalia kwa maumivu.

Tuliitwa sote. Bwana Msimamizi alikifungua kisanduku mbele ya wauguzi, ndugu wa wazazi na mafundi, akaunyooshea kidole waya uliokuwa umeungua.

"Fundi mbaya huyu," akasema. "Hajui kazi. Salumu, weka vyombo chini, toka. Na hakuna kontrakta atakuchukua mji huu, mimi nitasema kwa wote."

Nilipenya hadi mbele. "Bwana, si wewe uliyemwambia asukume?"

"Nani alisikia?"

Mafundi wenzangu walitazama chini. Siwalaumu, kila mmoja alikuwa na watoto. Lakini sauti ilitoka nyuma, kwenye benchi.

"Mie nilisikia." Alikuwa Bi Mwanaidi, mkono umefungwa kwa vibao. "Fundi alikuomba kisanduku kingine. Alikuomba waya wa ardhini. Ukamuuliza kama ni mwanamke."

Bwana Msimamizi aliiva uso. "Mama, kazi yako ni watoto."

"Ndiyo. Na chumbani humu hazaliwi mtu tena mpaka kile alichokiomba Salumu kiletwe."

Akasimama, akatutoa sote nje, akafunga mlango, akautia ufunguo kifuani. Na hakutania. Kwa siku nyingi wazazi walijifungulia kwenye chumba cha dawa ambacho hakikuwa kimefungwa taa, kwa taa ya kandili, katika jengo jipya lenye umeme. Daktari wa Wilaya alikuja kumtisha, akarudi alivyokuja, maana kina mama wa Temeke walikuwa wamejaa barazani na hawakumpisha. Mwishowe kikaja kisanduku cha kina, kimetolewa kwenye shehena ya Oysterbay, na waya wa ardhini juu yake. Nilikifunga mwenyewe, kwa namna Salumu alivyonifundisha.

Salumu hakurudishwa. Sisi tuliosalia tulimtaja Salumu kwa kila mkubwa mpya aliyekuja, tukaambiwa hayo yamekwisha. Mimi kwa ule mdomo wangu nilihamishiwa Gongo la Mboto kuchimba mashimo ya nguzo, na nilikaa huko hadi Bwana Msimamizi aliporudi kwao. Yeye aliagwa kwa sherehe.

Baadaye nchi ikawa yetu, nikapanda hadi kuwa mkaguzi. Nilifungua kila kifuniko. Makontrakta walininung'unikia, wengine wakaniita mzee mkorofi. Sawa. Niliyakataa majengo, likiwemo moja la mkubwa ambaye simtaji, na ningerudi kazini leo ningelikataa tena.

Nilipoacha kazi nilikwenda Keko, nilikoambiwa anaishi, kumtafuta Salumu. Nilikuta matanga. Alikuwa amefariki wiki ile. Kumbe miaka yote ile alikuwa anapiga randa kwenye kiwanda cha makabati cha watu, na waombolezaji walimsifu kuwa alikuwa seremala mzuri. Wanawe wawili, watu wazima sasa, walinipokea kwa shikamoo na kunipa kiti.

"Mzee ulifahamiana na baba wapi?"

"Kazini. Baba yenu ndiye aliyenifundisha umeme."

Walitazamana. "Umeme?" mkubwa akauliza. "Baba hakuwahi kugusa umeme. Hata taa ya nyumbani ikizimika alituambia tuite fundi."

Niliwahadithia yote, tangu Kinondoni hadi siku ile ya benchi. Mdogo alianza kulia. Mkubwa akauliza kwa sauti ya chini, kama baba yake: "Kwa nini hakutuambia?"

Kuachishwa kazi nilikuwa nakujua. Sikuwa najua kwamba walimwaibisha hadi akawaficha watoto wake kazi aliyoiweza kuliko sisi sote. Niliondoka pale nimejaa hasira, mzee mzima, njia nzima ya Keko.