Shuka Lililolowa la Mama Mkwe

Asubuhi moja ya miaka ile ya vijiji vya ujamaa haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu. Nilikuwa nimeolewa kijijini Kabasa, bado kijana, mdomo hauna breki. Sisi tulilima pamba, ila shuka la pamba tuliliona la kimaskini. Mama mkwe nikamnunulia la nailoni kutoka Musoma, linang'aa, halishiki mikunjo. Nilijiona mkwe wa maana kweli kweli.

Mfuaji nilikuwa mimi. Kila asubuhi nakuta shuka limelowa, basi nikaamua mwenyewe kwamba mama anakojoa kitandani. Tukichuma pamba kwenye shamba la kijiji nikawanong'oneza wenzangu, tukacheka. Kufikia mchana maneno yalikuwa yamemfikia. Kesho yake hakuja shambani, wala siku iliyofuata.

Siku ya tatu akaniita, akanipa lile shuka mkononi.

"Nusa."

Nikanusa. Lilikuwa jasho tupu.

"Umenifuliaga miezi yote hii, hujawahi kunusa?" akasema. "Siku zangu zimekoma. Joto linanipandaga kifuani mpaka usoni, na hii nailoni yako hainyonyi kitu, inanigandia tu. Nimeivumilia kwa sababu uliileta wewe."

Niliona aibu, jamani, nikatamani ardhi inimeze. Nikamshonea shuka la marekani, ile pamba nyepesi isiyotiwa rangi. Joto halikukoma, ila alianza kulala. Kisha nikaenda shambani kukiri mbele ya wanawake wale wale kwamba nilimsingizia. Wenzangu walicheka tena, safari hii wakinicheka mimi. Wamama wa makamo hawakucheka. Mmoja aliuliza taratibu, "Hiyo marekani umeipata duka gani?"

Sasa nisikilize. Mama yako akifika umri huo, mnunulie shuka la pamba tupu, jepesi. Liinue kwenye mwanga. Mwanga ukipenya, hewa nayo itapenya. La kung'aa na kuteleza liache dukani. Jipya lifue kwanza litoke wanga, na awe na mawili ya kubadilisha. Zaidi ya yote, usimtungie ugonjwa wakati unaweza kumuuliza.

Mimi nilisamehewa, mwanangu. Lakini msimu ule wote mama mkwe hakuchuma tena pamba pamoja nasi. Mungu akupe usingizi mwema uzeeni, na wakwe watakaokuuliza kwanza.